Sahani za Wodi ya Wanawake

Kama kuna mtu aliyewahi kupenda hesabu kuliko hesabu zilivyompenda yeye, ni mimi. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini nilikuwa karani wa hospitali Kitale, na kwenye mfuko wa shati langu kulikuwa na kalamu tatu. Moja tu ndiyo iliyokuwa na wino. Zile mbili nilizibeba ili watu wazione. Wagonjwa wapya walinisimamisha wakidhani mimi ni daktari, nami badala ya kuwaelekeza nilikohoa kidogo, nikatikisa kichwa kama mtu mwenye mawazo mazito, nikapita zangu. Aibu tupu! Lakini wakati ule niliona hiyo ndiyo heshima yenyewe.

Kazi yangu halisi ilikuwa kuandika nani ameingia, nani ameruhusiwa kwenda nyumbani, na nani ametolewa kwa mlango wa nyuma akiwa amefunikwa shuka. Basi. Mtoto wa darasa la nne angeiweza. Mimi niliifanya kwa rula, nikapiga mistari miwili chini ya kila ukurasa, na jioni nikarudi nyumbani nikimwambia mke wangu kwamba leo kichwa kimechoka.

Asubuhi moja daktari akaniita ofisini. Alikuwa Mzungu mrefu, mtaratibu, mwenye Kiswahili kile Wazungu walichojifunza mashambani kwa walowezi. Mkononi alikuwa na barua kutoka Nairobi. Serikali ilitaka kufungua wodi ndogo ya watu wenye uvimbe mbaya, ugonjwa ambao siku hizi kila mtu anauita saratani au kansa. Wakati ule, nyumbani, watu walisema tu "ule ugonjwa", halafu wakanyamaza. Wodi ingekuwa na vitanda vichache, muuguzi aliyesomea kazi hiyo, na kila mwezi daktari wa upasuaji angekuja kuwaona wagonjwa. Wodi ilikuwa moja tu. Ama ingekuwa kwetu Kitale, ama kwenye hospitali ndogo ya Bungoma. Ili kuamua, Nairobi ilitaka kujua mahali gani wagonjwa hao ni wengi, na wanawapa wauguzi kazi kiasi gani.

"Watu tu hapana tosha," daktari akaniambia. "Mimi nataka kazi. Mgonjwa moja nachukua dakika ngapi kufunga kidonda? Nalala siku ngapi? Nataka watu ngapi ya kumwinua? Wewe napima hapa, halafu nakwenda Bungoma napima kule. Halafu mimi naandika Nairobi. Sawa?"

"Sawa, bwana daktari."

Akafungua droo, akanipa saa yake ya mfukoni, ile yenye mshale mdogo wa sekunde. Mfuko wangu ulikuwa umejaa kalamu, kwa hiyo niliifunga saa kwa kipande cha bandeji nikaivaa shingoni. Nilitembea siku nzima nikiwa nimetoa kifua mbele. Kama kungekuwa na kioo kirefu pale hospitalini nadhani ningeshinda mbele yake.

Nilipomweleza mke wangu, hakusema hongera. Aliacha kuchambua maharagwe, akaniangalia.

"Mama yuko Bungoma hospitalini," akasema. "Unajua."

Nilijua. Mama yake alikuwa mtu wa Bumula, mjane, mkulima hodari, na tangu wakati wa kupanda mahindi koo lake lilikuwa na shida. Chakula hakipiti, mke wangu alikuwa ameniambia. Dresa wa Bungoma, wale wafunga vidonda, walikuwa wamemlaza, wakingoja daktari wa kisu ambaye hakuwapo.

"Wodi ikija Kitale, mama hatakuja," mke wangu akaendelea. "Atakaa wapi? Na nani atamlisha?"

Hapo lazima nieleze. Kwetu Wabukusu, mwanamume na mama mkwe wake hawaonani. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja. Mkikutana njiani, mmoja wenu anaingia kwenye mahindi mpaka mwingine apite. Sisi tulikuwa watu wa kanisa, tena wa kuimba kwaya, lakini jambo hilo hata mchungaji hakuligusa. Nyumba yangu Kitale ilikuwa chumba kimoja cha wafanyakazi wa hospitali. Mama mkwe hakuwa na mtu mwingine Kitale zaidi ya binti yake, na binti yake alikuwa analala kwangu. Bungoma alikuwa na dada zake na wake za wanawe, wakipokezana kumwangalia. Na yeye mwenyewe alikuwa ameshatamka: afadhali afe akiwa amejifunika kuliko kuishi chumba kimoja na mkwe wake.

"Kwa hiyo," mke wangu akasema, "uandike vizuri, baba watoto. Sikuambii uandike uongo. Andika tu vile wako."

"Wewe usiwe na wasiwasi," nikamwambia, nikigusagusa ile saa. "Mwenye kalamu ni mimi."

Jamani. Nikikumbuka maneno hayo nataka kujificha chini ya meza.

Kitale nilimaliza upesi, kisha nikapanda lori la mahindi kwenda Bungoma. Hospitali ya kule ilikuwa na wodi ya wanaume, wodi ya wanawake, chumba cha dawa, na jiko nyuma. Mkubwa wa kazi alikuwa dresa mmoja mzee, mnene, aliyeanza kuosha vidonda vya watu mimi sijaota meno. Nilimweleza kwamba nimekuja kupima kazi yake kwa saa.

"Kwani kuna mtu amesema hatufanyi?"

"Hapana, mzee. Nairobi inataka kujua mgonjwa wa uvimbe anachukua dakika ngapi."

"Si uniulize, bana! Mimi niko hapa kila siku. Nitakuambia wote, mmoja mmoja."

Nikamjibu kwa kiburi ambacho mpaka leo kikinijia nafumba macho: "Mzee, macho ya kawaida hayawezi kazi hii. Inataka mtu aliyefundishwa."

Sikuwa nimefundishwa na mtu yeyote. Nilikuwa nimepewa saa. Yule mzee alinitazama kutoka viatu mpaka kalamu, akasema, "Haya, mwalimu," akaenda kunawa mikono.

Tulianza na wodi ya wanaume. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mzee mwenye kidonda cha mguu kilichokaa miaka mpaka kikageuka kuwa kibaya. Nikasimama miguuni pa kitanda, nikainua saa, nikapaza sauti: "Anza!" Dresa akashtuka, akafanya kazi mbiombio, bandeji ikazunguka, pamba zikaruka. "Simama!" nikasema, nikaandika dakika, nikampongeza. Yule mgonjwa akauliza kwa upole, "Sasa huu mguu mbaya mtaufunga lini?"

Alikuwa amefungwa ule mguu mwingine, usio na kidonda.

Wodi nzima ikacheka, hata mtu mmoja aliyekuwa haruhusiwi kucheka kwa sababu ya mshono. Kesho yake dresa, kwa kunikomoa, alifanya kazi polepole mpaka mgonjwa akapitiwa na usingizi. Siku ya tatu ndipo nilipopata akili ya kukaa pembeni na gazeti, saa nimeificha ndani yake, wakafanya kazi yao bila kunijali. Gazeti lilikuwa la mwezi uliopita na kuna siku nililishika kichwa chini, lakini angalau dakika zangu sasa zilikuwa dakika za kweli. Kwa wanaume, hesabu yangu ilikuwa safi. Nalisema hilo kwa sababu ndilo jema pekee ninaloweza kujisifia katika habari hii yote.

Nikaja wodi ya wanawake. Nimefika mlangoni, mguu mmoja ndani, ndipo nikakumbuka. Humo ndani kuna mama mkwe! Niliruka nyuma nikamkanyaga mfagizi.

"Vipi?" dresa akaniuliza.

Nikamweleza kwa kunong'ona. Alikuwa mtu wa kwetu, akaelewa mara moja. Akasema, bila hata kunicheka, "Basi niachie mimi. Nitakuhesabia na nitakupimia, wewe uandike."

Tazama sasa. Mtu ananipa njia mkononi. Lakini ningewezaje kukubali, mimi niliyemwambia kwamba macho yake ni ya kawaida? Nikamwambia asante mzee, nina mbinu yangu. Sikuwa na mbinu yoyote. Niliipata nikiwa natembea kuelekea nyuma, nikinusa maharagwe.

Mbinu yenyewe ilikuwa hii. Wanawake wenye uvimbe walilazwa upande mmoja wa wodi, upande wa madirisha, na chakula chao kilitoka jikoni kwenye sinia yake peke yake, sahani za bati zikiwa na ugali na maharagwe. Nikajiambia: mgonjwa mmoja, sahani moja. Nikikaa jikoni nikahesabu sahani za sinia ile mchana na jioni, nitajua wako wangapi, nani ameondoka, nani amekuja, na wamelala siku ngapi. Halafu dakika za kazi nitachukua zilezile nilizopima kwa wanaume. Mtu ni mtu. Nikaiona akili hiyo kubwa mno, nikashangaa kwa nini Nairobi hawajaniita.

Nikakaa jikoni wiki tatu. Mpishi alinipa kigoda karibu na mlango, na kwa kuwa nilikuwa mgeni kutoka hospitali kubwa alinipakulia kwanza. Nilihesabu sahani nikiwa natafuna. Nilinenepa. Suruali niliyokuja nayo nilikuwa naifunga kwa kamba kwa sababu kifungo hakikufika tena. Kila jioni nilijaza jedwali langu, na kila jioni nilishangaa kidogo jinsi wanawake wa uvimbe walivyokuwa wachache, nikasema moyoni, basi ndivyo walivyo, kazi yangu si kuongeza. Na nilijisifu kwamba sipendelei hata mama mkwe wangu. Ndiyo, nilijisifu kwa hilo pia.

Nilirudi Kitale nikaandika nakala safi, wino mweusi kwa wanaume, mwekundu kwa wanawake. Daktari alivaa miwani akasoma polepole.

"Hii mzuri sana," akasema. "Safi kabisa. Bungoma wanaume iko, lakini wanawake kidogo. Basi wodi nakuja hapa Kitale. Mimi naandika, barua nakwenda na treni ya Jumanne."

Nilitoka pale nikiwa na furaha ya kusifiwa na uzito wa habari kwa wakati mmoja. Furaha ndiyo iliyokuwa kubwa zaidi, Mungu anisamehe. Ilikuwa Ijumaa. Nilikaa na siri hiyo mpaka Jumapili baada ya kanisa, tulipokuwa tunakula, ndipo nikamwambia mke wangu kwamba nimejitahidi, lakini hesabu ni hesabu, wanawake wa Bungoma ni wachache.

Hakulia. Akaniongezea mboga, halafu akauliza, "Mama yangu ni wa ngapi kwenye karatasi yako?"

"Hakuna majina. Ni sahani."

"Sahani gani?"

Nikamweleza mbinu yangu. Nilimweleza vizuri, hata kwa fahari kidogo, nikaonyesha kwa kidole vile sinia ilivyopita mbele yangu. Mke wangu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama hajameza ugali tangu tupande mahindi. Analetewa maziwa kutoka nyumbani. Wale walio karibu naye pia, wawili ni koo, mmoja ni taya. Sasa wewe umemhesabu kwa sahani ya nani?"

Tonge lilinikaa mdomoni.

Niliambiwa kwamba chakula hakipiti. Niliambiwa na mke wangu, nikasikia, nikaitikia, nikasema pole. Halafu nikaenda kukaa jikoni wiki tatu kumtafuta mtu asiyekula kwa kuhesabu sahani za chakula. Wagonjwa walioleta kazi kubwa kuliko wote, wale wa kulishwa kijiko kwa kijiko, wa kuinuliwa, wa kufutwa, ndio niliowaacha nje ya karatasi. Na wa kwanza wao ni mama wa mke wangu. Mtu mzima, kalamu tatu mfukoni!

"Nitaenda kwa daktari kesho," nikasema.

"Kwa nini kesho?" akasema. "Nyumba yake si ile pale?"

Nilikwenda mchana uleule. Nilimkuta daktari kwenye baraza yake akinywa chai. Nilisimama chini ya ngazi nikamweleza kila kitu, hata zile sahani. Daktari hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Wewe nahesabu sahani?"

"Ndiyo, bwana."

"Watu nahesabu?"

"Hapana, bwana."

Aliweka kikombe chini. "Barua hapana kwenda. Wewe nakwenda. Rudi na watu."

Jumatatu alfajiri nikawa juu ya lori la magunia. Njia nzima, kupita Kiminini na Webuye, nilitunga maneno ya kumwambia yule dresa mzee. Nilipofika nikamkuta anachemsha vyombo, nikasahau yote, nikasema tu, "Mzee, nilikosea. Naomba unihesabie wodi ya wanawake."

Nilidhani atacheka. Alifunika vyombo vyake, akasema, "Mimi nitakuhesabia, halafu daktari atauliza umewaona, utasema nini? Utasema uliambiwa? Ulishakosa mara moja, kijana. Sasa ingia mwenyewe. Mambo ya wazee nitakusaidia kuyaeleza."

Alisema kweli. Akamwita mama muuguzi aliyesimamia wodi ile, akamnong'oneza, naye akaingia kutoa habari kwamba mkwe wa mtu anakuja. Nikasikia ndani vitanda vikilia na watu wakicheka kidogo. Halafu nikaingia, nimeinua daftari usoni, natembea kwa ubavu nikigusa ukuta. Nilipiga teke ndoo. Niligonga kitanda, mwenye kitanda akasema, "Karibu, lakini mimi si mkweo." Nikaanza kuhesabu watu, kwa macho, mmoja mmoja, nikiandika nani ana nini, nani anainuliwa na wangapi, kidonda cha nani kinafungwa mara ngapi kwa siku. Zaidi ya nusu ya wale wa upande wa madirisha hawakuwa na habari na ugali. Nilikaa jikoni wiki tatu hatua chache tu kutoka kwao, nikila.

Kitanda cha mwisho pembeni kilikuwa kimefunikwa blanketi kutoka mwanzo mpaka mwisho. Nikajua ni yeye. Nikageuka nikampa mgongo, nikakaa kwenye kigoda nikitazama ukuta. Mama muuguzi akaleta kikombe cha maziwa ya uvuguvugu na kijiko. Nikafungua saa.

Nyuma yangu nikasikia blanketi likisogezwa, halafu sauti. Sikuwa nimewahi kuisikia sauti yake karibu namna ile. Ilikuwa imebaki nyembamba sana. Hakuniambia mimi, haikuruhusiwa. Alimwambia muuguzi.

"Mwulize, kama nikichukua muda mrefu, itasaidia?"

Muuguzi akanigeukia. "Anauliza kama akichukua muda mrefu itasaidia."

"Mwambie anywe kama siku zote," nikasema, macho ukutani.

"Anasema unywe kama siku zote."

"Kwa sababu nikitaka ninaweza kuchelewa," sauti ikasema. "Nisichelewe?"

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, nikafanya yote mawili bila sauti, mabega yakitikisika. Nikasema tena, kama siku zote. Basi akaanza kunywa. Nilisikia kila kijiko. Nilisikia akijaribu kumeza, na kile kilichopita, na kile kilichorudi, na kitambaa, na muuguzi akisema pole mama, kidogo tena. Tulianza wakati wa chai ya saa nne, na kengele ya chakula cha mchana ikalia kikombe hakijaisha. Muda ule wote muuguzi hakuweza kumgusa mgonjwa mwingine hata mmoja. Niliandika dakika zile zote, na mara mbili ilibidi nifute wino uliolowa.

Nilipokuwa nafunga daftari sauti ikaja tena. "Mwambie anisamehe. Mkwe wangu amefika kwangu na sikumchinjia kuku."

Muuguzi hakupeleka ujumbe huo, maana alijua nimeusikia. Nilisimama, nikatoka nikiwa bado nimempa mgongo, nikatembea kwa ubavu mpaka nje, na safari hii hakuna aliyecheka. Baadaye wazee walinitoza mbuzi kwa kuingia mahali alipolala mama mkwe. Nilimtoa yule mbuzi kwa moyo mweupe. Walinidai kidogo sana.

Wodi yote niliimaliza kwa siku nne. Kazi niliyoikalia jikoni wiki tatu, ndani ilitaka siku nne tu. Daktari alisoma karatasi mpya, yenye wino uliochafuka, hakusema ni safi wala si safi. Akaweka sahihi, ikaondoka na treni.

Na Nairobi ikakubali. Barua ilisema vitanda na muuguzi vitakwenda Bungoma, na daktari wa upasuaji atakuja kila mwezi, kuanzia mara moja. Mke wangu alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani amezaa. Akafungasha nguo siku ileile kwenda kumwambia mama yake, na alimwambia, na mama yake akafurahi. Alikufa wiki hiyohiyo, mchana, binti yake na dada zake wakiwa wamemzunguka.

Daktari wa upasuaji aliposhuka Bungoma kwa mara ya kwanza, mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mama wa upande wa Kanduyi, ugonjwa uleule, koo lilelile. Hakuweza kuuondoa uvimbe. Lakini alimtoboa tumboni akampitishia mpira mwembamba, maziwa yakawa yanaingia humo moja kwa moja, yule mama akapata nguvu, akarudi nyumbani. Alivuna mahindi yake. Niliandika jina lake mimi mwenyewe, aliporuhusiwa kutoka.

Kutoka siku tuliyomzika mama mkwe mpaka siku daktari yule alipofika, zilipita siku tisa. Mimi jikoni nilikaa wiki tatu, kwa kazi ya siku nne. Hesabu hiyo ni ya mtoto wa darasa la pili, na nimeifanya mara nyingi kuliko hesabu nyingine yoyote maishani, nikidhani labda ingebadilika. Mke wangu anajua tarehe zote mbili. Tumekaa pamoja miaka mingi, tumelea watoto, hajawahi kunitupia neno moja juu ya jambo hilo, na mimi sijawahi kumwuliza kama naye ameshaipiga hesabu hiyo.